Tupeane uzoefu: kalenda mbili, chumba kimoja, wageni wawili mlangoni

Mchanga Mweupe: Wenye vyumba vitatu, vinne, vitano huku Jambiani na Paje, mlioko Airbnb na Booking.com, hizi tovuti za kukodisha vyumba, kwa pamoja. Mnazuiaje chumba kimoja kuuzwa mara mbili?

Fundi Kalenda: Kila chumba kina linki yake ya kalenda inayoishia na .ics. Ya Airbnb ibandike Booking.com, halafu ya Booking.com irudishe Airbnb. Wengi wanafanya upande mmoja wanalala. Kosa jingine ni linki moja kubandikwa vyumba vyote: mgeni akichukua chumba kimoja, nyumba nzima inafungwa, na mwenyewe anashangaa mbona Agosti imepooza. Na Booking.com kila chumba kiandikishe kama aina yake peke yake. Ukiandika "chumba cha wawili, idadi 3", linki haifanyi kazi.

Kaskazi: Hapo kwenye idadi 3 ndipo wanapokwama. Nakazia.

Bi Mkubwa wa Paje: Tena kalenda hazisomani papo hapo, ni baada ya saa kadhaa. Kwenye pengo hilo ndipo masanduku ya watu wawili yanapogongana barazani. Buking ikiingia, funga tarehe kwa mkono upande wa pili, usingoje. Na zima buking za siku hiyohiyo.

Hamali: Mnajitesa bure na tovuti zinawakata 15% juu. WhatsApp inatosha.

Mchanga Mweupe: Mgeni wa Poland namba yako ataiota? Pandisha bei 15%, yaishe.

Fundi Kalenda: Haiishi. Chumba cha dola 40 kinakuwa 46. Wakikata 15% ya 46 ni 6.90, mkononi 39.10. Gawa 40 kwa 0.85 upate 47.06. Weka 48.

Hamali: Senti tisini ndiyo kikao?

Bi Mkubwa wa Paje: Zidisha mara siku 200 kisha urudi.

Kaskazi: Hamali, hiyo WhatsApp yako ina PIN? Maana wizi unakwenda hivi. Saa 5 usiku "mgeni" anaandika: samahani, kuna tarakimu 6 zimekuja kwako kwa SMS kimakosa, nirudishie. Kumbe ndizo za kusajili WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Kijana wa mapokezi, mkarimu, anazituma. Akaunti imehamia simu ya mwizi. Kuanzia hapo kila anayeulizia chumba anajibiwa na mwizi, anapewa namba nyingine ya kutuma nusu ya malipo, na atafika getini na risiti. Kuirudisha, unajisajili upya kwa laini yako. Mwizi akiwa ameshaweka PIN yake, unangoja siku 7.

Hamali: Saba?! Agosti?

Mchanga Mweupe: Subhanallah. Kalenda tuiweke kando kwanza.

Kaskazi: Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Tarakimu 6, usiweke mwaka wa kuzaliwa, na barua pepe ya kurejeshea. Simu yenye laini ikae kwa mwenye nyumba. Mapokezi wapewe kifaa cha pili kilichounganishwa na akaunti hiyo, vinaruhusiwa hadi 4.

Mlalo: Sisi wa Lushoto shida ni pini ya ramani ya Google, inakaa barabarani, dereva anamshusha mgeni kwa jirani. Iburute hadi getini. Na video ya kuithibitishia Google kwamba nyumba ni yako isikatwe katikati: barabara, kibao, kisha ufunguo ukifungua mlango.

Bi Mkubwa wa Paje: Kibao cha kuchora kwa chaki je?

Mlalo: Paka rangi, Bi Mkubwa. Kopo dogo tu.

Hamali: Hiyo PIN mmesema iko wapi?