Mafundi wa matairi, nani aliwaambia nati ya gari inakazwa kwa kuruka juu ya spana?

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo nasema.

Gari ni Toyota IST, nati nne kila tairi. Fundi anazibana kwa mashine ya upepo, mashine inagonga weee mpaka inachoka yenyewe. Bado hajaridhika. Anachomeka wili spana, anapanda juu yake kwa miguu miwili na kuanza kuruka. Mteja naye yuko pembeni anachochea: "Kaza kabisa fundi, kesho nina safari." Wote wawili wanaamini hapo ndipo usalama ulipo. Hapana! Hapo wanaharibu gari, na wanamfunga mikono dereva atakayepata pancha porini.

Mdogo wangu wa kike alibadilishiwa tairi za mbele kwenye gereji moja hapa Dar, akaondoka na mtoto kwenda Tanga. Katikati ya Chalinze na Segera tairi moja likapasuka. Spea anayo, jeki anayo, spana anayo, na kazi yenyewe anaijua vizuri. Nati hazikugeuka. Akasimama juu ya spana kwa uzito wake wote, wapi! Giza linaingia, malori yanapita yanatikisa gari, mtoto analia. Aliyemsaidia ni dereva wa lori na utingo wake, wakachomeka bomba kwenye spana na kuvuta. Tatu zikatoka kwa kulia, ya nne ikatoka na kipande cha stadi, ile bolti ambayo nati inafungwa juu yake. Akajikongoja hadi Segera kwa nati tatu. Nilipomfuata fundi akanijibu, "Bora ngumu kuliko kulegea, kaka." Stadi mpya nikailipia mimi!

Sasa fundi, tuongee kwa hesabu. Kipimo cha Toyota kwa gari zake ndogo nyingi, IST, Vitz, Corolla, Premio, ni nyutoni mita 103, yaani nguvu ya kuzungusha nati. Spana inayokaa kwenye buti ina urefu wa kama sentimita 30. Kwa urefu huo, uzito wa kilo 35 kwenye ncha ya spana unatosha kufikia kipimo. Kilo 35 tu! Maana yake dada yeyote mzima akiegemea spana vizuri anaweza kukaza na kufungua bila kumwita mwanaume. Wewe mwenye kilo 80 ukisimama pale umeshapita nyutoni mita 230, zaidi ya mara mbili, na hujaruka bado. Ukiongeza bomba la mita 1 na kulivuta kwa nguvu ya kilo 50, unakaribia 490. Hicho si kipimo cha gari ndogo hata kidogo.

Na hiyo nguvu ya ziada haipotei hewani. Stadi ni chuma kinachovutika kidogo nati inapokazwa, na kule kutaka kujirudi ndiko kunakobana rimu kwenye habu, kile kitovu kinachobeba tairi. Ukikivuta kupita kiasi kinarefuka moja kwa moja, hakijirudi vizuri tena, kwa hiyo hakibani inavyotakiwa. Nati unayojisifia kuwa ngumu ndiyo inayoweza kulegea njiani, au stadi ikakatika bila taarifa. Ukikaza moja sana na jirani yake kidogo, diski ya breki nayo inapindika, mteja anarudi analalamika usukani unatetemeka akishika breki, na wewe unamuuzia diski mpya. Hili ndilo linaniuma kuliko yote: tunalipia mara mbili uharibifu uleule.

Kuna wengine wanapaka grisi kwenye nyuzi za stadi "zisishike kutu." Vipimo vya kiwandani kwa kawaida ni vya nyuzi kavu. Zikiwa na mafuta, nati inateleza, kwa nguvu ileile stadi inavutwa zaidi. Na wale wanaookoteza nati kwenye kopo: nyuzi za Toyota ni 12 kwa 1.5 (unene wa stadi na nafasi kati ya nyuzi, kwa milimita), za Subaru na Nissan nyingi ni 12 kwa 1.25. Nati ya Toyota kwenye Subaru itaingia mizunguko michache kisha igome. Fundi mwenye akili anasimama hapo. Wetu anachukua mashine ya upepo, anailazimisha, nyuzi zinakwisha. Pia nati yenye mdomo wa koni na ile yenye washa bapa hazibadilishani, kila moja ina rimu yake.

Kwangu gereji hawagusi tena tairi bila mimi kurudia kazi nyumbani, na si kazi ya kutisha. Gari iwe mahali tambarare pagumu, handibreki juu, gia kwenye P au namba moja, mawe mbele na nyuma ya tairi la upande wa pili. (Na ukiwa barabarani, ukimaliza yaondoe hayo mawe! Mnaoyaacha mnaua watu wa pikipiki usiku.) Legeza nati robo mzunguko tairi likiwa bado chini. Ukisubiri mpaka gari iwe juu, tairi linazunguka na wewe unaisukuma gari itoke kwenye jeki. Jeki iwekwe pale kwenye alama za chini ya mlango, pasipo na bati laini, na usiingize hata mkono chini ya gari.

Tairi likitoka, chukua brashi ya waya usugue kutu kwenye uso wa habu na mgongo wa rimu. Hapa watu wengi wanaruka, na hapa ndipo nati zinapolegea baadaye, kwa sababu ulibana kutu badala ya chuma, na kutu ikimomonyoka nafasi inabaki. Rudisha tairi, anza kila nati kwa vidole. Ikigoma kwa vidole, itoe uanze upya. Zibane kidogo kwa msalaba, ya juu halafu ya chini, kushoto halafu kulia. Zikiwa tano, ruka moja kila mara, kama unachora nyota. Shusha gari, ndipo umalizie kwa spana ya kipimo, ile unayoipangia nguvu ya kukaza: 103, ikilia "tik" acha. Usiiongeze ya pili kwa roho kutulia. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, zipime tena gari ikiwa imepoa.

Mashine ya upepo sijaikataa. Fungua nati nayo, zirudishe nayo kwa nguvu ndogo, lakini mwisho uwe wa mkono na kipimo. Gereji inayonunua mashine ya kupanga matairi na ya balansi inashindwaje kununua spana moja?

Mwenye kuijua gereji Dar, Morogoro au Tanga inayomalizia nati kwa spana ya kipimo bila kuombwa, aitaje hapa. Nitapeleka gari zote za nyumbani, na za ofisini nitawashawishi wenzangu.