Naomba ushauri: kutoka mgodini kwenda kufundisha jiolojia chuo kikuu

Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni mjiolojia kwenye mgodi wa dhahabu Kanda ya Ziwa, kazi kubwa ni kusoma sampuli za uchorongaji, yaani miamba inayotolewa kwa kutoboa ardhi. Mshahara si haba, ila moyo uko darasani. Vijana wa mafunzo kwa vitendo wakija, mimi ndiye nawang'ang'ania.

Kikwazo ni GPA, yaani wastani wa alama za chuo. Shahada ya kwanza nina 3.6, uzamili 4.2. Matangazo ya Mhadhiri Msaidizi ninayokutana nayo Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, yanataka 3.8 shahada ya kwanza na 4.0 uzamili, kwa hiyo nakwama mlangoni. Miaka yote ya kushika miamba haihesabiwi popote, na hili linanikera kwa kweli, maana jiolojia haisomwi ubaoni pekee.

Je, nikisoma PhD ile 3.6 bado itanifuata? Kuna aliyepenya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) au cha Dodoma (UDOM) kwa njia hiyo? Au nianzie Chuo cha Madini Dodoma, nifundishe ngazi ya stashahada huku najipanga?

Jingine ni machapisho. Sina hata moja, ripoti zangu zote ni siri za kampuni. Natamani kutafiti Ol Doinyo Lengai, volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya natrokabonatiti (yenye kaboneti za sodiamu kwa wingi), lakini ninachokijua kwa undani ni dhahabu ya Geita. Mlioko vyuoni, mada ipi ina wasimamizi na ufadhili? Na mgodi unaombwaje ruhusa ya kuchapisha data zake?