Debian imekwisha kusakinishwa kwenye kompyuta ya zamani, lakini inaishia kwenye kioo cheusi na kukataa neno la siri

Mwalimu wa Katuba

Ndugu wapendwa, jambo kwenu nyote.

Shule yetu hapa Katuba, Lubumbashi, imepewa kompyuta ya mpakato iliyotumika miaka mingi huko Ubelgiji, na mkurugenzi ameniomba niiandae kwa kazi za sekretari, yaani barua, orodha za wanafunzi na matokeo ya mitihani. Ina prosesa ya Intel Core 2 Duo, kumbukumbu ya gigabaiti 2 na diski ya gigabaiti 160. Ilikuja na Windows 7, ambayo iliacha kupata masasisho ya usalama Januari 2020, nayo ilikuwa imejaa virusi kiasi kwamba hata kuifungua kulitaka subira; ndiyo maana tuliamua kufuta yote na kuweka Linux.

Kijana mmoja aliniwekea Debian 12, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, kwenye flashi, ile ndogo iitwayo netinst. Wakati wa kusakinisha nilionywa kwamba kadi ya Wi-Fi inahitaji faili ambazo hazimo, kisha nikaambiwa kwamba mtandao haupatikani, nikachagua kuendelea bila mtandao. Vitufe kadhaa vya kompyuta vilikuwa vinakwama siku hizo, kwa hiyo nilitumia kibodi ya nje ya kuazima, yenye herufi zilizopangwa kwa mtindo wa QWERTY, na nikachagua mpangilio wa Kimarekani ili ulingane nayo. Hatua zote zilipita hadi mwisho, nami nikatoa flashi na kuwasha upya kama nilivyoelekezwa.

Sasa kila ninapoiwasha naona menyu ya GRUB, ile programu inayoanzisha mfumo, kisha mistari mingi inapita, na mwishowe kioo kinabaki cheusi, kikiwa na maandishi ya debian, tty1 na login peke yake. Hakuna madirisha wala mshale wa kipanya. Vitufe vya kompyuta vimekwisha kusafishwa na vinafanya kazi, lakini nikiandika jina la mtumiaji, ambalo ni shule, na kufuatisha neno la siri nililoliandika daftarini, linakataliwa; la root, yaani la msimamizi mkuu wa mfumo, pia linakataliwa. Jambo jingine ni kwamba betri ya kompyuta imekufa, na kila umeme ukikatika BIOS, yaani programu ya ndani ya ubao mama, inarudi kwenye tarehe ya mwaka 2008.

Je, diski imeharibika, au Debian ni nzito mno kwa mashine ya umri huu? Naomba mzingatie kwamba megabaiti tunazinunua kwa fedha za mfukoni, hivyo ushauri wa kupakua gigabaiti nyingi utatushinda.

Fundi wa Kampemba

Jambo, Mwalimu. Kwa mashine kuukuu namna hiyo, mimi ningefuta na kuweka mfumo wa biti 32, kwa sababu ni mwepesi zaidi. Kabla ya hapo jaribu jambo moja: kwenye menyu ya GRUB bonyeza herufi e, nenda kwenye mstari unaoanza na neno linux, ongeza neno nomodeset mwishoni mwake, kisha bonyeza F10. Kioo cheusi mara nyingi hutokana na kadi ya picha. Ukifaulu kuingia, kagua diski kwa programu ya smartctl na uangalie thamani ya Current_Pending_Sector, yaani idadi ya sehemu za diski zinazoshindwa kusomeka. Ikiwa si sifuri, tafuta diski nyingine kabla ya kuweka kazi za shule humo.

Mama wa Maabara, Kamalondo

Mwalimu, tafadhali usifute chochote. Ushauri wa kukagua diski ni mzuri na uufuate siku yoyote, lakini dalili ulizoeleza hazielekezi kwenye diski wala kwenye kadi ya picha. Neno nomodeset husaidia pale ambapo kioo hakionyeshi kitu kabisa baada ya GRUB, au kinaonyesha michirizi isiyosomeka. Wewe unaona maandishi safi yanayokuomba ujitambulishe. Hiyo maana yake ni kwamba GRUB imepatikana, kiini cha Linux kimepakiwa, diski imesomwa, na Debian inakungoja uingie. Kilichokosekana ni sehemu ya madirisha tu.

Sababu yake ni flashi yenyewe. Netinst hubeba mfumo wa msingi peke yake, na vilivyobaki, yakiwemo mazingira ya madirisha kama Xfce, huvichukua kwenye intaneti wakati wa kusakinisha. Kwa kuwa kadi yako ya Wi-Fi haikupata faili zake, mtandao haukuwepo, na kwa kuwa mtandao haukuwepo, programu iliweka ilichokuwa nacho ikamaliza kazi yake bila kulalamika. Nadhani ingepaswa kulisema jambo hilo waziwazi zaidi, maana watu wengi hufuta na kurudia palepale, wakipata kioo kilekile.

Kuhusu biti 32, Core 2 Duo ni prosesa ya biti 64. Mfumo wa biti 32 ungepunguza matumizi ya kumbukumbu kidogo, lakini Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32, na sioni sababu ya kuiingiza shule kwenye njia inayofungwa. Debian 12 uliyo nayo itaendelea kupata masasisho ya usalama hadi Juni 2028. Uzito utakaouhisi hautatoka kwenye biti, utatoka kwenye kivinjari chenye kurasa nyingi zilizofunguliwa kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye neno la siri. Kompyuta iliyotoka Ubelgiji ina kibodi ya AZERTY, lakini wewe uliiambia Debian kwamba kibodi ni ya Kimarekani. Ukibonyeza kitufe kilichoandikwa A, mfumo unapokea q. Ukibonyeza Z unapokea w. Na kitufe cha M kinatoa nukta-mkato. Jina shule halina hata moja ya herufi hizo, ndiyo maana linaonekana sawa kwenye kioo, ilhali neno la siri, ambalo halionekani, linaharibika unapoliandika. Ukitaka kuhakikisha, liandike neno la siri mahali pa login, ambapo herufi zinaonekana, kisha ulifute bila kubonyeza Enter, na ufanye hivyo pasipokuwa na mtu nyuma yako.

Ukikwisha kujua kila herufi imehamia wapi, ingia kama root na uandike amri hii:

dpkg-reconfigure keyboard-configuration

Kwa leo, mahali pa herufi a ubonyeze kitufe cha Q, na kwa kistari ubonyeze kitufe chenye mabano ya kufunga, kilicho kulia kwa sifuri. Chagua kibodi ya kawaida ya vitufe 105, kisha mpangilio wa Kibelgiji, si wa Kifaransa, kwa kuwa hiyo miwili inafanana katika herufi lakini inatofautiana katika alama nyingi. Halafu andika setupcon ili mabadiliko yaanze papo hapo.

Kwa mtandao, unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uiruhusu kugawa intaneti kwa njia ya USB. Amri ip link itaonyesha jina jipya linaloanza na usb au en. Liwashe kwa ip link set likifuatwa na jina hilo na neno up, kisha uandike dhclient na jina hilohilo. Baada ya hapo fungua /etc/apt/sources.list, ambamo apt, programu ya kusakinisha ya Debian, husoma mahali pa kupakulia, kwa kihariri cha nano, weka alama ya # mbele ya mstari wa cdrom, na uongeze mistari hii miwili:

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free-firmware

deb http://security.debian.org/debian-security bookworm-security main contrib non-free-firmware

Andika apt update, kisha utuambie kilichotokea kabla ya kuendelea.

Mwalimu wa Katuba

Asante sana, Mama, na asante kwako pia, ndugu Fundi. Neno la siri lilikuwa na herufi a na m, na nilipoliandika mahali pa login niliona q na nukta-mkato kama ulivyosema. Nimeingia kama root, na kibodi sasa inatii. Simu pia imetambuliwa na dhclient imepata anwani. Hata hivyo apt update inakataa: inasema kwamba faili la Release bado halijaanza kuwa halali, na kwamba litakuwa halali baada ya siku nyingi. Amri ya date inaonyesha tarehe ya zamani, ingawa si ile ya 2008 ninayoiona kwenye BIOS, jambo ambalo limenishangaza.

Mama wa Maabara, Kamalondo

Mwalimu, umefika karibu sana. Faili la Release hubeba tarehe ya kutolewa kwake, na apt hulikataa ikiwa saa ya kompyuta iko nyuma ya tarehe hiyo, kwa kuwa haiwezi kuliamini faili linalotoka siku zijazo. Kwa sababu hiyohiyo tovuti zingekuambia kwamba vyeti vyao vya usalama si halali. Na tarehe inatofautiana na ile ya BIOS kwa sababu systemd, programu inayosimamia mfumo tangu unapowaka, haikubali saa iliyo nyuma ya siku ambayo yenyewe ilitengenezwa. Huisogeza mbele hadi hapo, lakini haiwezi kubuni tarehe ya leo.

Mfumo hujirekebisha wenyewe ukiufikia mtandao wa saa, ila usiungoje. Kwanza andika dpkg-reconfigure tzdata na uchague Africa/Lubumbashi. Wengi huacha Kinshasa kwa mazoea, nako ni saa moja nyuma yetu; ukiweka saa ya mkononi mwako huku mfumo ukidhani uko Kinshasa, saa ya dunia (UTC) ndani ya kompyuta itatangulia kwa saa nzima. Baada ya hapo weka tarehe ya siku hiyo kwa mfano huu, kisha uihifadhi kwenye ubao mama:

date -s "2026-03-14 15:20"

hwclock --systohc

Rudia apt update. Ikipita, sakinisha yale tu ambayo sekretari atayahitaji:

apt install --no-install-recommends xorg xfce4 xfce4-terminal lightdm network-manager-gnome libreoffice-writer libreoffice-calc firefox-esr

Kabla ya kupakua chochote, apt itaonyesha ukubwa wa mzigo na kuomba ruhusa yako, kwa hiyo linganisha kwanza na megabaiti ulizo nazo. Umeme ukikatika katikati, usiogope kwamba fedha imepotea: yaliyokwisha kupakuliwa hubaki kwenye /var/cache/apt/archives. Ukiwasha tena, rekebisha saa, andika dpkg --configure -a, kisha urudie amri ileile.

Fundi wa Kampemba

Naongeza kuhusu saa. Betri ndogo ya ubao mama imekwisha, na bila kuibadilisha utarekebisha tarehe kila umeme ukikatika. Kwa kawaida ni CR2032 ya volti 3, lakini kwenye kompyuta nyingi za mpakato hufungwa ndani ya plastiki ikiwa na nyaya mbili na kichwa kidogo cha kuchomeka. Nunua ile yenye nyaya tayari, wala usikubali mtu achome risasi moja kwa moja juu ya betri yenyewe, kwa kuwa joto huiharibu na linaweza kuipasua. Na kwa kuwa utakuwa umeifungua, safisha feni na mapezi ya shaba yaliyo mbele yake. Vumbi letu la kiangazi huziba hapo kama blanketi, na mashine hujizima katikati ya kazi kwa joto.

Mwalimu wa Katuba

Madirisha ya Xfce yamefunguka, na LibreOffice inaandika vizuri kabisa. Betri ya ubao mama nitaitafuta mjini mwisho wa wiki. Limebaki swali la Wi-Fi: amri lspci -nn inaonyesha Broadcom BCM4312, yenye namba 14e4:4315. Je, nayo itawezekana, au tuendelee na simu?

Mama wa Maabara, Kamalondo

Itawezekana, Mwalimu. Kadi hiyo hutumia kiendeshi b43, ambacho tayari kimo ndani ya Linux, lakini faili zake haziruhusiwi kusambazwa pamoja na Debian, ndiyo maana hazikuwemo kwenye flashi. Simu ikiwa bado imeunganishwa, andika apt install firmware-b43-installer. Kifurushi hicho kimo katika sehemu ya contrib tuliyoiongeza, nacho huchukua faili hizo kwenye intaneti wakati kinaposakinishwa. Kisha andika modprobe -r b43, ufuatishe modprobe b43, na mitandao iliyo karibu itaonekana kwenye alama ya mtandao iliyo pembeni mwa kioo. Ukiona mahali unashauriwa kuweka pia broadcom-sta-dkms, usiiweke, kwa kuwa huizuia b43 isipakiwe.

Mwalimu wa Katuba

Imekubali, na mtandao wa shule umeonekana. Nimeondoa waya wa simu.