Marudiano na Mamelodi Ijumaa: tupaki basi, tukabie juu, au tuwavizie katikati?

Kiungo_Punda
Jumapili 31 Machi 2024, saa 4:10 usiku

Wakuu, salaam. Sauti yangu haijarudi tangu jana kwa Mkapa, ndiyo maana naandika.

Yanga yetu 0-0 na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Getini nilipishana na jamaa wanaolia kama tumepigwa tano, na wengine wanapuliza vuvuzela kama tumebeba kombe. Kwa hiyo kabla ya kutajana majina ya wachezaji, tuanze na hesabu. CAF bado wanahesabu goli la ugenini, yaani jumla ikilingana anapita aliyefunga mengi ugenini, na hakuna dakika 30 za nyongeza. Ijumaa tarehe 5 pale Loftus Versfeld, Pretoria, ikiwa suluhu tena ni penalti moja kwa moja. Ikiwa sare ya magoli, 1-1 au 2-2, tunapita sisi. Mamelodi hawana sare inayowafaa. Lazima washinde.

Naona njia tatu.

Kupaki basi: mabeki watano, viungo wanne mbele yao, Mzize peke yake kule mbele anahangaika na mabeki wawili. Tunajua kukaba, Bacca na Job wako vizuri, na kipa wetu Diarra ni Diarra. Ubaya wake ni kwamba mpira ukiokolewa unarudi baada ya sekunde tano, kwa dakika 90.

Kukabia juu, yaani kuwabana kule kule karibu na goli lao, kama tulivyowafanyia Belouizdad ya Algeria 4-0 mwezi wa pili. Siku ile Waarabu hawakupata hata nafasi ya kukohoa. Lakini kipa wao Ronwen Williams ana miguu ya kiungo. Anaukanyaga mpira, anakutazama, anakusubiri umfuate. Ukimfuata tu, mpira uko kwa kiungo wao Mokoena na ameshageuka. Hapo watu wako watatu wameshaachwa na mpira, wanakimbia kurudi.

Ya tatu, kukaba katikati. Waachie mabeki wao wa kati wapigiane pasi mpaka wachoke wenyewe. Mpira ukitoka pembeni kwa beki wao Mudau ndipo tunambana watu watatu pamoja na mstari wa pembeni. Tukiunyang'anya pale, nyuma yake kuna uwanja mtupu, na Mzize ana mbio.

Kura yangu ni ya tatu, ila kama Aucho hajapona sijui nani atafanya ile kazi chafu ya pale kati. Karibuni mnirekebishe.

Mzee_wa_Jangwani
Jumapili, saa 4:48 usiku

Wajukuu zangu, pakini basi mkalale.

Mwaka jana fainali ya Shirikisho na USM Alger tulicheza mpira mzuri hapa nyumbani, tukafungwa 2-1. Tukaenda Algiers tukashinda 1-0, kombe likabaki kwao kwa goli la ugenini. Mimi nililia mbele ya wakwe zangu. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "tufunguke" namuuliza kwanza kama ana dawa ya presha nyumbani.

Pyramids walikwenda Pretoria hatua ya makundi wakatoka na 0-0. Hawakuwa na uchawi, walikaa nyuma tu. Basi na sisi tukae.

BintiKariakoo
Jumapili, saa 5:15 usiku

Shikamoo mzee wangu. Pole na wakwe.

Lakini hao Pyramids 0-0 iliwatosha kwa sababu ilikuwa makundi, walipewa pointi yao wakaondoka. Sisi 0-0 haitupi kitu, inatupa penalti tu. Huko si kufuzu, ni kununua tiketi ya bahati nasibu.

Halafu tuambizane ukweli ambao hatuupendi. Hatua ya makundi tulifunga magoli 9. Manane kwa Mkapa: 1 kwa Ahly, 3 kwa Medeama, 4 kwa Belouizdad. Ugenini mechi tatu, goli MOJA, kule Kumasi, na mfungaji ni Pacome ambaye leo hatujui kama atacheza. Algiers tulipigwa 3-0, Cairo 1-0. Kwa hiyo anayesema "tutapata goli letu tu moja" anieleze litatoka wapi. Ukipaki basi halitoki. Ukikabia juu unaweza kulipata, lakini utakuwa umeshafungwa mawili.

Naungana na Kiungo_Punda, na naongeza kitu kimoja. Wakitufunga la kwanza, TUSIBADILISHE CHOCHOTE. Wakiongoza 1-0, goli letu moja bado linatupitisha. Yaani kufungwa moja hakujatuharibia hesabu, kunafuta penalti tu. Timu zetu zikifungwa moja ugenini zinapaniki, mabeki wanapanda wote, linaingia la pili, hapo ndipo mechi inakufa. Mimi naogopa hizo dakika kumi baada ya kufungwa kuliko kufungwa kwenyewe.

Mpemba_wa_Ilala
Jumatatu 1 Aprili, saa 5:30 usiku

Nimetoka kijiweni sasa hivi. Baada ya tarawehe nilipanga vikombe vya kahawa juu ya benchi: vitano nyuma, vinne mbele yake, kashata ndiyo mpira. Lile basi la mzee.

Vile vitano ukivisogeza karibu na boksi, kati yake na vile vinne panabaki upana wa viganja viwili. Hapo ndipo anapokaa mtu kama kiungo wao Themba Zwane. Nikamwekea kikombe chake, nikawaambia jamaa, haya mkabeni. Akitoka beki wa kati kumfuata, nyuma yake kuna shimo. Akirudi kiungo, Mokoena amebaki peke yake mita 25 kutoka golini, na yule ukimpa nafasi hiyo ni ugomvi mwingine. Tukabishana nusu saa, mzee mmoja akauchukua mpira akaula, mechi ikaishia hapo.

Nilichokiona mimi ni kwamba basi si baya. Ubaya ni kulipaki ndani ya boksi. Mistari miwili ikikaribiana, na mabeki wakisimama mita kumi juu zaidi, yule wa katikati hana pa kupumulia. Akipigiwa mpira wa juu nyuma ya mabeki, Diarra anatoka. Diarra huwa anatoka, wakati mwingine anatoka hata asipoitwa.

Mzee_wa_Jangwani
Jumatatu, saa 5:41 usiku

Hicho cha mwisho ndicho kinachonipa presha.

Kijana_wa_Ngarenaro
Jumanne 2 Aprili, saa 1:20 asubuhi

Mnajadili vikombe, hewa hamuizungumzii.

Pretoria iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na sisi huku Arusha. Mwaka jana tuliwaalika jamaa wa Temeke bonanza la Jumapili. Kipindi cha kwanza walituzungusha, 2-0. Dakika ya 60 nikamwona namba nane wao amesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, mdomo wazi kama samaki wa Feri, mpira unapita mbele yake anautazama tu. Tuliwafunga nne. Wale hawakuwa wabovu, mapafu yalikuwa bado yako Temeke.

Wachezaji wetu ni maprofesheno, sawa, lakini mwili ni mwili. Kinachochosha kule ni kukimbilia mpira ambao huna. Kwa hiyo basi kule ni ghali kuliko mnavyodhani, na kukabia juu ndiyo kabisa, dakika ya 50 mtaomba machela. Dawa ni kuukalia mpira wenyewe kila tukiupata. Pasi kumi za hovyo hovyo nyuma kule, kiungo wetu Sure Boy anageuka, anarudisha, uwanja mzima unazomea, sisi tunavuta pumzi. Na sabu zianze mapema. Ziko tano, mbili zitumike kabla ya dakika ya 60, asisubiri mtu aanguke.

Kingine, mpira kule unakwenda mbali. Mipira mirefu ya Diarra ipunguzwe nguvu, la sivyo Mzize atakuwa anaikimbilia mpaka kwa mashabiki.

BintiKariakoo
Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Hili la hewa nilikuwa silijui kwa undani huu. Linanifanya nipunguze kidogo, siyo kukaba katikati dakika zote 90. Labda hadi dakika ya 60 tukae kwa Mpemba, mistari imebanana, halafu wakati wao wameanza kuangalia saa ndipo tunatoka na miguu mipya. Kumbukeni saa inawakimbiza wao. Dakika ya 75 ikiwa 0-0, nani mwenye haraka?

Mnyama_Mkali
Jumanne, saa 7:12 mchana

Watani, napita tu.

Mtanitukana lakini nitasema. Sisi Simba mwaka jana robo fainali na Wydad tulishinda 1-0 hapa, tukaenda Casablanca tukafungwa 1-0, penalti 4-3, tukarudi na mabegi. Usiku ule nilijifunza kwamba kucheza "kwa ajili ya penalti" ni uongo mtu anaojiambia akiwa amechoka. Na golini kule hakukuwa na Ronwen Williams. Huyu tarehe 3 Februari tu, robo fainali ya AFCON, kapangua penalti NNE za Cape Verde, usiku mmoja. Nne! Halafu nyie mnataka mumpelekee tena penalti tano kwake nyumbani.

Fanyeni lolote, msifike huko.

Kiungo_Punda
Jumanne, saa 7:30 mchana

Mtani, nyie Ijumaa iliyopita Ahly kawafunga 1-0 hapa hapa kwa Mkapa na mna Cairo siku moja na sisi. Umepata wapi muda wa kutushauri?

(Ila ushauri ni mzuri. Nauchukua kimyakimya.)

Kunguru_wa_Lushi
Jumanne, saa 2:40 usiku

Salamu kutoka Lubumbashi. Sisi Mazembe tulikuwa nao kundi moja. Hapa kwetu tuliwafunga 1-0, kwao wakatufunga 1-0. Nimewaona mara mbili, niwaambieni jambo moja dogo ambalo hamjaligusa: faulo.

Mkiwakaba chini watawavuta mpaka mguu wenu uchelewe nusu sekunde. Faulo hapo, mita 22, na Mokoena anaweka mpira. Waulizeni Morocco. Januari hii AFCON alifunga moja kwa moja kwa faulo, dakika za majeruhi, 2-0, Morocco wakaenda nyumbani. Anayekaba mbele ya boksi asimame kwa miguu yake, asiteleze. Kama ni lazima faulo ipigwe, ipigwe kule mstari wa kati, mapema, bila hasira.

Hii nayo inaunga mkono ile ya mita kumi juu. Mstari ukiwa juu, faulo zenu zinakuwa mbali na goli.

Mzee_wa_Jangwani
Jumatano 3 Aprili, saa 11:50 jioni

Nasubiri adhana nimesoma yote. Mmenisogeza kidogo. Basi naliacha lisogee hizo mita kumi za Mpemba, kwa heshima ya mgeni wa Lubumbashi. Lakini kukabia juu mtanizika nalo.

Na mnasahau Afrika Kusini si ugeni kwetu. Mei mwaka jana Rustenburg tuliwafunga Marumo Gallants 2-1 kwao, nusu fainali, tukaenda fainali. Mayele akafunga, Musonda akafunga.

BintiKariakoo
Jumatano, saa 1:30 usiku

Mzee, Marumo si Mamelodi, na tulikwenda kule na 2-0 mfukoni. Mayele naye siku hizi yuko hao hao Pyramids. Lakini Musonda tunaye, na mimi ningemweka benchi hadi hiyo dakika ya 60. Mzize aanze, awachoshe mabeki, Musonda aingie kumalizia.

Kijana_wa_Ngarenaro
Jumatano, saa 1:44 usiku

Na Maxi? Yule mapafu yake hata Kilimanjaro anapanda akiongea na simu. Ningemweka upande wa beki wao wa kushoto Modiba, kwa sababu Modiba anapenda kupanda. Maxi arudi naye, na wakipoteza mpira Maxi ndiye atakuwa wa kwanza kutoka. Aziz Ki asirudi chini ya mstari wa kati hata akiitwa na mama yake. Tunahitaji mtu mmoja ambaye mpira ukimfikia unakaa.

Kiungo_Punda
Ijumaa 5 Aprili, saa 12:55 jioni

Nimefuturu, niko Mbagala, nimewahi kiti cha mbele kibanda umiza, mwenye kibanda ameshapandisha kiingilio. Mlipofika ni hapa: mistari imebanana, mabeki mita kumi juu ya boksi, pembeni ndiyo mtego, faulo mbali na goli, tukifungwa moja hakuna kupaniki, dakika ya 60 miguu mipya. Mzee peke yake ndiye amebaki nusu ndani ya basi, mguu mmoja nje.

Mzee_wa_Jangwani
Ijumaa, saa 1:20 usiku

Mguu mmoja nje, sawa. Lakini siku tano hizi nimeona mnazunguka swali moja tu. Ikifika penalti, apige nani ya kwanza?

BintiKariakoo
Ijumaa, saa 1:22 usiku

Aziz Ki. Hilo halina mjadala.

Mnyama_Mkali
Ijumaa, saa 1:23 usiku

Haya.