Bomba la shaba linavuja chini ya slabu: nitindue, nipitishe darini, au nibadilishe nyumba nzima?

Msafiri_Garland
Wakuu, habari za wikendi. Naombeni ushauri wa haraka, Ijumaa natakiwa kutoa jibu. Nina nyumba hapa Garland, Texas, na bomba la maji linavuja chini ya slabu (sakafu ya zege ambayo ndiyo msingi). Nimeita mafundi watatu, kila mmoja kaja na lake.

Wa kwanza anasema atatindua sakafu palepale panapovuja, akate kipande cha shaba kibovu, aunge kipya, arudishie zege. Dola 2,900, vigae juu yangu. Wa pili hataki kugusa sakafu kabisa: aiue hiyo laini, apitishe nyingine darini, dola 3,600. Wa tatu anasema shaba yote imekwisha, nyumba nzima iwekwe PEX (mabomba ya plastiki), dola 12,400. Huyo alikuja na suruali iliyopigwa pasi, nikaogopa.

Nani kafanya mojawapo ya haya? Mlijuta au mlishukuru?

FundiMstaafu
Hujasema kitu bado. Nyumba ya mwaka gani? Laini inayovuja ni ya moto au ya baridi? Ni mara ya kwanza? Slabu ni ya nondo za kawaida au ya nyaya zilizovutwa? Unauliza dawa ipi nzuri na ugonjwa hujautaja.

Mama_Tunu
Kaka Msafiri, pole. Ngoja nikae kitako nikueleze yangu, maana ada ya shule hiyo nimeshailipa.

Tuko Mesquite, jirani na Garland, nyumba ya 1976. Ilianza na paka. Aliacha kochi akahamia koridoni, juu ya vigae, pahala pamoja tu kila siku. Tukamcheka. Siku moja nimetoka kuoga napita pekupeku, nikahisi pale pana joto kama sufuria iliyoepuliwa punde. Bili ya maji ilikuwa imeshapanda kutoka dola 70 hadi 190, na sisi tunawagombeza watoto kwamba wanaoga sana. Hita ya maji inanguruma usiku kucha, hakuna aliyejiuliza.

Fundi akaja, akafunga koki zote, akanipeleka nje kwenye mita. Kile kipembetatu kidogo chekundu kinazunguka, na ndani hakuna hata mtu anayenawa mikono. Akatindua shimo la ukubwa wa sinia ya pilau. Vumbi la zege nililikuta mpaka ndani ya vikombe vya kahawa. Alipokata kile kipande akanipa nishike. Juu kina ukijani wa kutu, chini pale kilipolalia jiwe pameng'aa kama pete mpya, na katikati ya ule mng'ao kuna tundu la kupita ncha ya sindano. Hilo tu.

Akaziba. Miezi mitano, likavuja tena hatua tatu kutoka pale. Tukaziba. La tatu likaja chini ya makabati ya jikoni. Vigae vile havitengenezwi tena, kwa hiyo koridoni kwangu pana viraka viwili vya rangi nyingine, na kila mgeni anauliza. Baada ya hapo ndipo tukaweka PEX. Ningeanza nayo, ile pesa ya kuziba ningekwenda nayo Tanga mara mbili.

Kijana_wa_Irving
Dada, nakuheshimu, ila PEX ni plastiki. Panya wa darini anaitafuna kama muwa. Ndugu yangu mmoja aliamka saa tisa usiku dari ya jipsamu imemwangukia kitandani. Shaba imekaa kwenye nyumba za watu miaka hamsini.

Mama_Tunu
Imekaa, ndiyo. Na imetoboka.

Lushois_FortWorth
Mimi natoka Lubumbashi. Wakati wa Mobutu jimbo letu zima liliitwa Shaba, basi ndugu zangu msiitukane shaba mbele yangu 😄 Chuma hicho hakina kosa, kosa ni la udongo wa huku. Mwaka jana mwezi wa nane nyuma ya nyumba yangu ulifunguka ufa, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Mtoto alidondosha gari lake la kuchezea humo, hatujalipata mpaka leo.

FundiMstaafu
Lushois kasema kweli, ila nusu.

Udongo mweusi wa ukanda huu wa Dallas ni mfinyanzi unaokunywa maji ukavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Wamarekani wanauita Houston Black, na ndio udongo unaowakilisha jimbo la Texas. Mvua za masika unainua nyumba, ukame wa Agosti unaiacha ikae. Kingo za slabu zinakauka kwanza, katikati pamefunikwa panabaki na unyevu, kwa hiyo slabu haipandi wala kushuka sawasawa. Ndipo mnaona ufa wa ngazi kwenye matofali na mlango wa chumbani unagoma kufunga.

Sasa bomba. Sehemu moja imeshikwa na udongo, sehemu nyingine imeshikwa na zege pale linapochomoza kuingia ukutani. Udongo ukienda huku na zege ikabaki kule, bomba linapinda hapohapo, mwaka baada ya mwaka. Shaba inavumilia kupinda, lakini si milele.

Ongeza na moto. Laini ya mita 10 ikipanda joto nyuzi 40 za Selsiasi inarefuka karibu milimita 7. Kila ukifungua maji ya moto inarefuka, ukifunga inarudi. Ikiwa imelalia kokoto bila kuvishwa mpira, inajisaga yenyewe. Mng'ao aliouona Mama Tunu ndio huo. Na ndiyo maana nimeuliza ni ya moto au ya baridi, sikuuliza kwa kujaza maneno.

Kuna unene pia. Aina ya M ndiyo nyembamba, L ya kati, K nene. Bomba la nusu inchi la M lina ukuta wa inchi 0.028, la K 0.049. Aliyejenga kwa kubana hela, sasa hivi analipa aliyenunua.

Kijana_wa_Irving
Mzee shikamoo. Na presha je? Mimi naamini nyingi ya hizi ni presha tu.

FundiMstaafu
Marahaba. Presha inachangia. Funga geji kwenye koki ya nje. Ikizidi psi 80 unahitaji valvu ya kupunguza. Lakini presha haing'arishi bomba upande mmoja.

Msafiri_Garland
Asanteni sana wakuu, samahani nilikuwa kazini. Majibu: nyumba ya 1983. Laini ni ya moto. Slabu sijui ni ya aina gani. Ni mara ya pili, ya kwanza ilikuwa bafuni mwaka juzi, tuliziba. Ah, na mwaka jana tuliinua msingi upande wa mashariki, waliweka nguzo 14. Sijui kama inahusika.

Mama_Tunu
Yesu wangu. "Sijui kama inahusika."

FundiMstaafu
Msafiri. Hiyo ilipaswa kuwa sentensi yako ya kwanza.

Jeki zikiinua slabu sentimita tatu, bomba lililofungwa na zege linapanda nayo na lililoshikwa na udongo linabaki chini. Ndiyo maana bomba hupimwa kabla ya kuinua na baada ya kuinua, ya maji safi na ya maji machafu pia. Walikupima?

Msafiri_Garland
Kabla walipima. Baada, nadhani hapana. Kulikuwa na karatasi ya kusaini.

Lushois_FortWorth
Siku zote kuna karatasi.

FundiMstaafu
Basi kabla ya Ijumaa fanya mambo mawili. Nenda gereji, tazama sakafuni karibu na mlango mkubwa au ukutani, kama kuna muhuri au kibao kinachokataza kukata slabu. Ukikiona, ndani ya zege mna nyaya za chuma zimevutwa kwa nguvu kubwa. Fundi akikata mmoja kwa msumeno, unaweza kuchomoka na kuvunja kitu au mtu. Yule wa dola 2,900 alikuuliza habari hiyo? Kama hakuuliza, mpe maji ya kunywa aende zake.

Pili, pima bomba la maji machafu. Hilo likivuja linalowesha mfinyanzi katikati ya nyumba, unavimba, slabu inapanda tumbo, na utaita watu wa jeki tena. Huo ni mzunguko usio na mwisho.

Njoroge_Kitengela
Nimefika hapa nikitafuta habari ya udongo mweusi, nimekaa saa nzima nikisoma. Huku Kitengela, Kenya, tuko na udongo huohuo. Sisi hatucheki nao: unachimba unautoa wote mpaka ufike kwenye mwamba ama maramu, unajaza mawe, unashindilia, ndio unaanza msingi. Mbona Wamarekani wanajenga juu yake? Na bomba mnaziweka chini ya zege kwa nini? Hapa ni PPR (bomba za plastiki ngumu), zinapita ukutani, ikivuja unaona.

FundiMstaafu
Njoroge, kwenu unaupata mwamba karibu. Hapa kuna mahali mfinyanzi unaenda chini mita nyingi, utachimba mpaka uchoke na pesa iishe. Ndiyo maana wanatandaza slabu juu yake na kuomba Mungu. Wengine wanazungushia mpira wenye vitundu kandokando ya msingi na kuumwagilia wakati wa ukame, udongo usisinyae.

Njoroge_Kitengela
Ngoja. Mnanyunyizia NYUMBA maji?

Mama_Tunu
Tena kwa ratiba. Mume wangu ana kisaa cha kufungua na kufunga. Mchicha wangu unakufa, nyumba inakunywa.

Kijana_wa_Irving
Na hiyo ni kupoteza hela. Udongo ukishapasuka, maji yanapita kwenye ufa yanakwenda chini, juu panabaki pakavu.

Mama_Tunu
Hungojei upasuke. Unaanza mapema, kidogo kidogo, mpira ukae mbali na ukuta kama futi moja na nusu. Ukiubana na ukuta unalowesha palepale tu, hapo nakubaliana nawe.

Kijana_wa_Irving
Na mti je? Jirani yangu ana mwaloni unaokunywa kuliko mpira wako.

Mama_Tunu
Mti ni wa jirani, nitaukata vipi?

Lushois_FortWorth
Turudi kwa Msafiri jamani. Mimi nasema darini. Laini moja, siku moja, hakuna vumbi.

Kijana_wa_Irving
Darini? Februari 2021 mlikuwa wapi? Umeme umekatika, nyumba zimeganda, bomba za darini zilipasuka mtaa mzima. Mimi nilikusanya theluji kwenye ndoo nikaiyeyusha ya kumwagia chooni. Na kiangazi unafungua maji ya baridi yanatoka ya kupikia chai. Walio na bomba chini ya slabu baridi ile haikuwagusa huko chini.

FundiMstaafu
Hoja nzuri, ila PEX ikiganda hutanuka kuliko shaba, mara nyingi kinachopasuka ni kiungio. Kwa hiyo viungio viwe vichache, na laini ilale chini ya sufi ya darini (ile ya kuzuia joto na baridi), isielee juu yake. Wengi wanaipitisha juu ya sufi kwa uvivu. Mwambie akuonyeshe kwa picha kabla hujamlipa.

Na kuna njia ya nne ambayo hakuna aliyekutajia: kuchimba handaki kutoka nje hadi chini ya bomba. Vigae vinapona, slabu haiguswi. Lakini wanatoza kwa futi, na kwa bomba la moto la 1983 ni kuziba kiraka kwa njia ya heshima zaidi, basi.

Msafiri_Garland
Nimetoka gereji. Muhuri upo. Miaka sita naegesha gari juu yake sijawahi kuusoma. Kwa hiyo wa kutindua ameondoka. Wamebaki wa darini na wa suruali ya pasi.

Bima wamesema watalipia kufikia bomba, bomba lenyewe hapana. Sijaelewa kama darini ni "kufikia."

Halafu kuna jambo jingine. Mama watoto anataka tuuze mwakani tuhamie Houston.

FundiMstaafu
Wewe bwana unatoa habari kama mita ya maji.

Mama_Tunu
😂😂 Ukiuza itabidi ujaze fomu ya muuzaji, na yote unayoyajua kuhusu msingi na bomba uyaandike. Mnunuzi akisoma "shaba, imevuja mara mbili, nguzo 14" atakukata zaidi ya hizo 12,400. Weka PEX.

Kijana_wa_Irving
Au usiweke, punguza bei, ondoka. Kwa nini umjengee mtu mwingine?

Lushois_FortWorth
Houston nako ni mfinyanzi, na mafuriko juu. Mwambie mama afikirie vizuri.

Njoroge_Kitengela
Fundi Mstaafu, nikikutumia picha za shimo langu unaweza kuangalia? Nimefika futi tano, bado ni jeusi.

FundiMstaafu
Tuma. Lakini fungua mada yako mwenyewe, hii tumeshaijaza.

Msafiri_Garland
Nimefunga valvu ya maji ya moto leo usiku. Tunachemsha jikoni na kuoga kwa ndoo, watoto wanafurahi kama wako kwa bibi. Wa suruali ya pasi anakuja kesho saa nne, nitamuuliza habari ya sufi ya darini. Kuna mtu hapa Garland ana kata? Tunachotea bakuli la supu.