Nimeipenda nyumba kongwe ya Mkomani, nami sijawahi kununua nyumba

Swali

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Nimekuwa mpangaji Mombasa tangu nilipoanza kazi, na mwezi uliopita nilipelekwa kuona nyumba ya mawe inayouzwa mtaa wa Mkomani, Lamu. Nilipovuka daka, yaani baraza ya mlangoni, na kuingia kiwandani, ule ua wa ndani, nilipokewa na ubaridi, ilhali nje jua la saa saba lilikuwa likichoma. Ndani kuna zidaka, vile vishubaka vya ukutani, za chokaa ukuta mzima, na chooni limebaki birika la zamani la kuwekea maji, lenye bakuli la kauri lililojengewa chini, mahali pa visamaki waliokuwa wakila viluwiluwi vya mbu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiiwaza usiku na mchana.

Hofu yangu ni hii. Ukuta mmoja umepigwa plasta ya saruji, na kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti plasta hiyo inabanduka na kutoa unga mweupe. Boriti mbili za dari zimepinda. Muuzaji ni mmoja wa ndugu watano walioachiwa nyumba na baba yao, naye anataka nimpe arubuni wiki hii kwa kuwa, asema, yupo mteja mwingine. Hii ni akiba yangu ya miaka tisa. Nianzie wapi?

Jibu la 1 (fundi wa chokaa)

Waaleikum salaam, mwanangu. Huo unga ni chumvi. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya maji kutoka ardhini na kuyaachia hewani taratibu, lakini ukishafunikwa kwa saruji maji hukosa pa kutokea, hupanda juu zaidi, na chumvi yake huisukuma plasta mpaka ianguke. Atakayekushauri uongeze saruji anakuzidishia ugonjwa. Dawa ni kuibandua yote, kuuacha ukuta ukauke kwa miezi kadhaa, kisha kupiga chokaa iliyolowekwa vizuri.

Boriti za mikoko haziozi katikati kwanza, bali kwenye ncha iliyozama ukutani. Panda ngazi, uchome kisu pale pale inapoingia ukutani: kikizama kama kwenye muhogo uliochemshwa, hiyo ni ya kutolewa. Hubadilishwa mojamoja, dari ikiwa imetegemezwa. Ukiweza, irudie nyumba wakati wa masika, kwa maana wakati wa kaskazi, mvua ikiwa haipo, kila dari huonekana nzima.

Jibu la 2 (karani katika ofisi ya wakili)

Dada yangu, maneno ya fundi ni ya kweli, ila mimi ningeanza na karatasi. Mmoja kati ya warithi watano hawezi kukuuzia nyumba nzima. Ni lazima mirathi iwe imepita mahakamani na kila mwenye fungu atie saini, hata aliye ng'ambo. Fanyeni upekuzi katika ofisi ya ardhi, na muulize pia kama nyumba iliwahi kuwekwa wakfu, kwa sababu mali ya wakfu haiuzwi kama mali nyingine. Mji wa kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kugusa ukuta au mlango zungumza na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Arubuni, ikifika wakati wake, ipitie kwa wakili, pamoja na mkataba wa maandishi. Usimkabidhi mtu mkononi.

Jibu la 3

Mimi nilinunua nyumba ya namna hiyo na sijuti, lakini ukarabati ulinila fedha karibu sawa na bei ya nyumba yenyewe. Usimalize akiba yote kwenye ununuzi.

Aliyeuliza

Nawashukuru sana. Jana nilimwomba muuzaji majina na namba za simu za ndugu zake wote wanne, akanipa mbili tu. Arubuni sijatoa. Mzee fundi, nikifanikiwa kuwapata wale wengine wawili, nitakuja Lamu masika, nami nitafurahi ukinishikia ngazi.