Binti wa miaka 17 amebadilika sana: tuanzie wapi kutafuta msaada hapa Dar es Salaam?

Mama wa Tabata

Habari zenu. Mimi ni mzazi, ninaishi Tabata, na naomba maelekezo kutoka kwa watu wanaozifahamu huduma za afya ya akili kwa vijana hapa jijini. Binti yangu ana miaka 17 na yuko kidato cha nne. Tangu muhula huu uanze amekuwa mtu wa kujifungia chumbani, chakula anakigusa tu, usiku hapati usingizi, na marafiki waliokuwa wakija kusoma naye hawaji tena kwa sababu hapokei simu zao. Mwalimu wa darasa amenieleza kwamba anakaa kipindi kizima bila kuandika chochote. Wiki iliyopita nilikuta nyuma ya daftari lake ameandika kwamba amechoka kuishi, na kwamba sisi nyumbani tungepumzika kama asingekuwepo.

Familia imegawanyika. Shangazi zake wanataka apelekwe kijijini kwa bibi yake akapumzike, wengine wanasema ametupiwa kitu, na baba yake anaogopa kwamba akionekana kwenye kliniki ya magonjwa ya akili, ataitwa “wa Mirembe”, yaani wa ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, mpaka atakapoolewa. Mimi nataka kujua mambo ya msingi: tuanzie hospitali gani, tukifika atafanyiwa nini, gharama zikoje kwa familia isiyo na bima, na shule iambiwe kitu gani, kwa kuwa mtihani wa taifa ni mwezi Novemba.

Muuguzi, Ilala

Pole sana, dada. Nimefanya kazi ya uuguzi wa afya ya akili katika hospitali za umma za jiji hili kwa muda mrefu, na jambo la kwanza ninaloomba ulishike ni kwamba maneno yale ya kwenye daftari yanatosha kukutoa nyumbani kesho asubuhi, usisubiri yaongezeke. Leo usiku kaa naye, umuulize waziwazi na kwa upole kama amekuwa akifikiria kujitoa uhai. Wazazi wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtoto wazo ambalo hakuwa nalo, lakini tafiti pamoja na tunayoyaona kazini vinaonyesha kwamba kuuliza hakumsukumi mtu huko, bali humpa nafasi ya kuutua mzigo aliokuwa ameubeba peke yake. Akijibu ndiyo, usimkemee wala usimwapishe. Mshukuru kwa kukuambia. Dawa na sumu zote za nyumbani zifungiwe mahali asipofika, na asilale chumbani peke yake. Akisema kwamba ameshapanga namna ya kufanya, au akiwa amekwisha kujidhuru, hiyo ni dharura: mpeleke usiku huohuo kwenye kitengo cha dharura cha hospitali iliyo karibu, wala usihangaike na barua ya rufaa.

Ikiwa hakuna dharura ya namna hiyo, mlango wa karibu kwa mtu wa Tabata ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Amana, pale Ilala. Wakazi wa Kinondoni wana Mwananyamala, na wa upande wa Temeke wana Hospitali ya Temeke. Watu hudhani lazima waanzie Muhimbili. Muhimbili ni hospitali ya taifa na ina madaktari bingwa wa magonjwa ya akili, lakini kwa utaratibu wa umma hupokea wanaotoka ngazi za chini kwa rufaa, na kijana mwenye dalili kama za binti yako anaweza kuhudumiwa vizuri hospitali ya mkoa. Ukifika mapokezi, sema kwamba unahitaji huduma ya afya ya akili kwa kijana mwenye mawazo ya kutotaka kuishi. Sema hivyohivyo, maana ukisema tu kwamba “hali chakula vizuri na hapati usingizi” mtaelekezwa kupima malaria na kurudishwa nyumbani.

Kuhusu kitakachofanyika, daktari ataanza kwa kusikiliza historia yake, kisha atamchunguza mwili, kwa sababu upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingo vinaweza kumfanya mtu achoke na kujitenga kwa namna inayofanana na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Atazungumza na binti peke yake kwa muda, nawe utaombwa kusubiri nje. Naomba usilichukulie jambo hilo kama dharau. Wako mabinti wa umri huo waliofanyiwa ukatili na mtu wa karibu, au wenye hofu ya ujauzito, na hawawezi kulitamka jambo kama hilo mbele ya mama. Likijitokeza lolote la ukatili, Amana ina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo daktari, afisa ustawi wa jamii na polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto hushirikiana, ili mtoto asizungushwe ofisi hadi ofisi akirudia maelezo yaleyale.

Kama ni sonona ya kiwango cha chini au cha kati, matibabu yanaweza kuwa mazungumzo ya unasihi peke yake. Dawa zikihitajika, ujue mapema kwamba dawa za sonona kama fluoksetini hazifanyi kazi kwa siku mbili; huchukua wiki kadhaa, na kwa walio chini ya miaka 25 wiki za mwanzo zinahitaji uangalizi wa karibu zaidi, kwa kuwa wachache huzidiwa na mawazo ya kujidhuru kabla ya kupata nafuu. Asiziache ghafla kwa kuwa ameanza kucheka.

Gharama: kila hospitali ya mkoa ina ofisi ya ustawi wa jamii. Nenda hapo kabla ya kukata tamaa, eleza hali ya familia, nao wataangalia kama mnastahili msamaha wa malipo.

Halafu kuna namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, inayoendeshwa na shirika la C-Sema kwa kushirikiana na Serikali. Kupiga ni bure. Binti yako ana miaka 17, na kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 bado ni mtoto, kwa hiyo anaweza kupiga mwenyewe, nawe unaweza kupiga kwa niaba yake. Mwandikie namba hiyo mahali atakapoiona.

Mwalimu wa madrasa, Temeke

Asalaam aleikum. Namwambia mama huyu na shangazi wa mtoto kwamba kumsomea dua mgonjwa hakuzuii kumpeleka kwa daktari. Mtume, rehema na amani zimshukie, alitufundisha kutafuta matibabu, kwa kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa bila kuuteremshia dawa, wala hakuutenga ugonjwa wa fikra. Mimi huletewa vijana wengi kwa madai ya majini, na ninayemwona hali, halali na anazungumzia kufa, huwaambia wazazi waende hospitali leo, na dua tutaendelea nayo jioni. Ninachokikataa kabisa ni kumchapa, kumfunga au kumnyima chakula kijana kwa jina la tiba.

Mwalimu mstaafu, Kinondoni

Mama, nimekuwa mwalimu wa malezi na unasihi katika shule za sekondari, kwa hiyo nitagusa shule na hilo la kijijini.

Shule haihitaji kujua kila kitu. Mwone mkuu wa shule pamoja na mwalimu wa malezi, wala msizungumzie kwenye ofisi ya walimu ambako kila mmoja anasikia, na uwaeleze kwamba binti anatibiwa, kwamba daktari ameshauri apunguziwe mzigo, na kwamba unaomba mtu mmoja tu pale shuleni awe wa kumwendea siku akizidiwa. Maneno ya kwenye daftari si lazima uyataje. Omba hospitali ikupe barua inayothibitisha kwamba yuko kwenye matibabu, ili kutohudhuria kwake kusigeuzwe utoro. Mtihani wa Novemba una njia nyingine, kwani hata akishindwa kuufanya mwaka huu anaweza kuufanya baadaye kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwambieni hivyo, tena baba yake ndiye amwambie, maana vijana wengi niliowapokea walikuwa wakiamini kwamba thamani yao mbele ya baba ni daraja la kwanza na si kitu kingine.

Kuhusu kijijini, nawaheshimu shangazi, lakini siungi mkono. Mtakuwa mmemtoa karibu na kliniki na mbali na macho yako, mkampeleka kwa mzee ambaye hajui aangalie nini, na yeye atajiona amefukuzwa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa. Kama bibi ndiye kipenzi chake, bibi aletwe Tabata.

Kijana wa Ubungo

Shikamoo mama. Nina miaka 24. Nilipata sonona nikiwa mwaka wa pili chuoni, na nilisaidiwa kupitia ofisi ya mshauri wa wanafunzi, ambako nilipewa mnasihi na baadaye daktari. Yaliyosemwa hapo juu kuhusu dawa ni kweli. Wiki za mwanzo nilisikia kichefuchefu na mdomo mkavu, hakuna nafuu, na kama mnasihi asingenieleza mapema kwamba ndivyo inavyokuwa ningezitupa.

Nataka kuongeza jambo moja kwa upande wa anayeumwa. Mwambie kabla ya kwenda. Mwambie kwamba umesoma daftari, kwamba hukukasirika, na kwamba mnakwenda hospitali pamoja, kisha mwache achague nani awasindikize na avae nini. Mimi nilichokichukia kuliko ugonjwa wenyewe ni kujadiliwa sebuleni na wajomba nikiwa chumba cha pili, kama kwamba sipo. Kikao cha familia kinaweza kusubiri. Na hilo la “wa Mirembe”, naomba baba yake alisikie kutoka kwa mtoto wa kiume aliyepita huko: nilisoma, nimehitimu, ninafanya kazi, na pale kliniki nilikaa benchi moja na wafanyakazi wa benki, mama wenye vichanga na wanafunzi wenzangu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana tatizo la afya ya akili. Katika darasa la wanafunzi wengi kama yetu, hayuko peke yake.

Mjomba wa Mbagala

Naomba kuuliza hapahapa. Mpwa wangu ana miaka 22, anavuta bangi, na sasa anasikia sauti zinazomtukana na anaamini majirani wanamfuatilia. Kwa umri wake 116 haimhusu. Nimeambiwa nimpeleke kwenye methadoni.

Muuguzi, Ilala

Kaka, methadoni ni tiba ya uraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Haitibu bangi wala sauti. Huduma hiyo ilianza Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na imewasaidia vijana wengi, lakini si kwa tatizo ulilolieleza. Kusikia sauti na kuamini anafuatiliwa ni dalili za ugonjwa mwingine, ambao bangi inaweza kuuchochea na kuuzidisha, na kadiri unavyotibiwa mapema ndivyo matokeo yanavyokuwa bora. Mpeleke Hospitali ya Temeke, kliniki ya afya ya akili. Msibishane naye kama sauti zipo au hazipo. Mwambieni kwamba mnaona halali na anateseka, na kwamba mnataka apate usingizi. Aende na mtu anayemwamini, hata kama ni rafiki wa kijiweni.

Mama wa Tabata

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimezungumza naye jioni hii kama mlivyoelekeza. Amelia sana, amekubali kwamba mawazo hayo anayo, lakini anasema hajapanga chochote, na amemchagua dada yangu mdogo atusindikize Amana kesho. Baba yake amesoma maandishi ya yule kijana mara mbili na amesema atakuja pia. Amebaki na hofu moja: amesikia kwamba kutaka kujiua ni kosa la jinai, na anauliza kama daktari atawaita polisi.

Muuguzi, Ilala

Mjibu hivi, dada. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inalitaja jaribio la kujiua kuwa kosa, na kwa maoni yangu kifungu hicho kimewafanya wazazi wengi wafiche watoto waliohitaji kitanda cha hospitali. Lakini kuwa na mawazo ya kutotaka kuishi si jaribio, na kumweleza daktari mawazo hayo si kosa la mtu yeyote. Binti aseme kila kitu kama kilivyo. Fikeni mapema asubuhi, mchukue na daftari lile kama yeye ataridhia lionwe, na kabla hamjatoka kliniki hakikisheni mmeandikiwa tarehe ya kurudi.